Chaja Mbili za Nyakato

Buswelu, Mwanza
9 Februari 2025

Shikamoo baba mkubwa,

Sisi huku hatujambo, ukiondoa miguu ya mama inayovimba kila mvua inapokaribia, na mwaka huu mvua imekuwa ya kukaribia tu. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamesinyaa yakiwa magotini. Baba anakusalimu. Anaketi barazani na redio yake, na bado anamjua kila jirani anayepita kwa mlio wa ndala zake. Mama anasema tangu aolewe hapa amekujua kwa mwandiko tu, na anauliza kama shemeji yake ana sura.

Nakuandikia kwa kuwa simu huisikii vizuri. Barua zako namsomea baba neno kwa neno kama tulivyozoea, kwa hiyo lolote utakaloandika atalisikia kwa sauti yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi na rafiki yangu Dorcas, tuliyesoma naye umeme wa magari chuoni, tunataka kufungua chumba cha kuchaji betri pale Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Wateja wapo. Kuna bajaji, kuna daladala, na kuna wavuvi wa dagaa wa Igombe ambao siku hizi wanawasha taa zao kwa betri za magari. Siku za giza, mwezi usipowaka, wanazileta kila asubuhi zikiwa zimekauka kabisa. Mwenye chumba, Mzee Obedi, anatusubiri mpaka mwisho wa Julai, mpangaji wake atakapohama. Baada ya hapo kuna mtu wa saluni anakitaka.

Vizuizi ni viwili. Cha kwanza ni chaja yenyewe: kila muuzaji anasifia yake, na Dorcas anapenda yenye taa nyingi. Cha pili ni baba. Amesema mara moja tu: "Nilijiunguza macho kwa uzembe wangu mwenyewe. Inatosha kwa nyumba moja." Sitafungua bila ridhaa yake. Mtu asiyeona akikataa jambo, kulifanya mbele yake ni sawa na kumwibia.

Wewe na yeye mlifanya kazi hii na babu pale Nyakato. Tuchagulie chaja, na umwambie baba neno. Akilisikia kutoka kwako atalegea.

Mwanao,
Odeta Masele


Tunduma
3 Machi 2025

Odeta mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku nane kabla sijaifuata, kwa sababu huku kuna ukungu na kifua changu hakiupendi. Malori ya mpakani yamepanga foleni mbele ya dirisha langu. Tangu mke wangu Selina afariki nasoma vitabu vilevile kwa mara ya tatu, na sasa naona makosa ya mpiga chapa. Mwambie shemeji Teodora kwamba sura ninayo, ila imechakaa.

Kuhusu chaja, usianzie dukani, anzia kwenye betri. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi, iwashe injini, kisha ijazwe palepale. Wavuvi wako wanaikamua mpaka tone la mwisho. Betri ya namna hiyo hufa mapema hata ikichajiwa na malaika. Waambie isishuke chini ya volti kumi na mbili ikiwa imetulia; wakikataa, basi waje siku ileile. Betri iliyolala tupu huota unga mweupe kwenye sahani zake za madini ya risasi, na baada ya hapo haisikii dawa. Zile siku za mbalamwezi wasipokwenda ziwani ndizo zinazoziua, kuliko siku za kazi.

Nguvu ya chaja unaipata kwa kugawa uwezo wa betri kwa kumi. Betri ya sabini, ampia saba. Ukienda polepole zaidi hudhuru kitu, ukienda kasi unachemsha. Muuzaji anayesifia chaja ya kumaliza betri kwa saa mbili anakuuzia jiko.

Aina ni mbili. Ya zamani ni sanduku zito lenye transfoma. Haijui kama betri imejaa. Inasukuma tu mpaka mtu aje aizime. Ya kisasa inapima yenyewe, inapunguza, mwisho inanyamaza. Nunua ya kisasa, yenye nafasi ya kuchagua kati ya betri ya maji na betri iliyozibwa, maana iliyozibwa ukiichemsha, maji yake hayana pa kurudishiwa. Na nunua mita nzuri kabla ya vyote hivyo. Mwambie Dorcas taa hazichaji kitu.

Chumba kiwe na madirisha mawili yanayotazamana. Betri inayokaribia kujaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na cheche moja inatosha kuilipua. Ndoo ya maji safi iwepo muda wote, imejaa, karibu na mkono. Ni ya macho.

Unapoanza, funga kwanza vibanio vya chaja kwenye betri, cha chanya kisha cha hasi, ndipo uwashe ukutani. Unapomaliza, zima ukutani kwanza, ndipo ushike kibanio. Hakuna siku ya kugeuza.

Kuhusu baba yako sina neno. Yeye ndiye aliyeumia, na kauli yake ni nzito kuliko yangu. Msalimie.

Baba yako mkubwa,
Luhaga


Buswelu
30 Machi 2025

Shikamoo baba mkubwa,

Pole kwa kifua. Mvua imekuja hatimaye, yote kwa siku moja, ikaondoka na choo cha jirani. Mama anasema sura iliyochakaa ni afadhali kuliko isiyoonekana.

Nilimsomea baba barua yako barazani. Kwenye ampia saba alikubali kwa kichwa. Kwenye jiko alicheka, akasema, "Luhaga huyo." Nilipofika kwenye ndoo ya maji alininyooshea mkono nisimame. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema niende nikaepue uji, na jikoni hakukuwa na uji.

Nimemwuliza mama habari za Nyakato. Amenijibu kwamba yeye aliolewa na kipofu, hakuolewa na ajali, kama nataka habari za ajali niwaulize waliokuwepo. Basi nakuuliza wewe. Siku ile ulikuwa wapi? Baba husema tu alivuta kibanio chaja ikiwa inawaka. Hajawahi kusema kama alikuwa peke yake, na katika barua zako zote, hata zile za zamani zilizo kwenye sanduku la bibi, sijaona mahali ulipoligusa jambo hilo.

Swali la pili ni la kazi. Dorcas aliazima chaja ya kisasa, tukaijaribu kwa betri ya mvuvi iliyokuwa imebaki na volti sita. Ikakataa. Ikawasha taa nyekundu na kunyamaza, kana kwamba tumeifunga kwenye tofali. Tufanyeje?

Mwanao,
Odeta


Tunduma
25 Mei 2025

Odeta mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Ningeweza kusema nilikuwa mgonjwa, na ningekuwa nasema kweli kwa wiki moja kati ya hizo nane. Huku wamevuna maharage, na jirani yangu wa kushoto amehamia ng'ambo, Zambia, bila kuaga. Nasikia vibaya zaidi kuliko mwaka jana; vyumba vya jenereta nilivyofanyia kazi huko Ndola vinadai sasa.

Chaja yenu haina ubovu. Chaja ya kisasa ikiona volti chache mno hudhani hakuna betri. Iamsheni kwanza betri hiyo kwa chaja ndogo ya zamani, ampia mbili au tatu, kwa nusu saa. Ikivuka volti kumi, ihamishieni kwenye ya kisasa. Katika hiyo nusu saa mtu asimame pale. Asitoke nje, asishike simu, asisome kitu. Sanduku la betri likipata joto la kuchoma kiganja au likianza kuvimba, zima na uache. Na kama baada ya siku nzima ya kuchaji betri haipandi kupita volti kumi na nusu, chumba kimoja kati ya vyake sita kimekufa. Mrudishie mwenyewe na umwambie kweli.

Nasikia daraja la Kigongo na Busisi linakaribia kufunguliwa. Mimi na baba yako tulikuwa tukivuka pale kwa kivuko tukifuata betri za malori ya pamba upande wa pili. Betri ya lori ina vishikio viwili. Alishika kimoja, mimi kingine. Bado nakumbuka harufu ya dizeli juu ya maji.

Msalimie sana.

Luhaga


Buswelu
22 Juni 2025

Shikamoo baba mkubwa,

Miguu ya mama imepungua uvimbe. Daraja limefunguliwa, na Mzee Obedi alitubeba mimi na baba kwenye gari lake tukaenda kuvuka. Baba aliomba dirisha lishushwe. Katikati ya ziwa akasema hakuna tena harufu ya kivuko. Baadaye kidogo akasema, "Hapo chini tulibeba betri na Luhaga. Upande mzito alikuwa anachukua yeye." Kisha akaniuliza kama umejibu. Nikasema ndiyo, kuhusu chaja umejibu vizuri. Akasema, "Sikukuuliza chaja."

Baba mkubwa, umeruka swali langu. Nisingependa kumsemesha hivi mtu mzima, lakini nimebakiwa na wiki tano, na mambo yote mawili, chumba na baba, yamekwama mahali pamoja.

Nikwambie kitu nilichokua nikikiona nikadhani kila nyumba inacho. Baba huuliza, "Umezima?" Anauliza jiko, anauliza pasi, redio, hata taa ya chumbani ambayo yeye haimhusu. Ukimjibu, "Nimezima," anainuka, anapapasa ukuta mpaka kwenye swichi, anaigusa kwa kidole, ndipo anarudi kuketi. Mama amezoea. Mimi nilikuwa nakasirika nikiwa mdogo, nikiona anatuita waongo. Juzi nimemwambia, baba, kama ulijiunguza kwa uzembe wako mwenyewe, kwa nini sisi ndio tusioaminika? Alikunja shuka lake akaingia ndani, na chakula cha jioni hakula.

Ulikuwa wapi siku ile?

Mwanao,
Odeta


Tunduma
14 Julai 2025

Odeta mwanangu,

Marahaba. Sina habari za huku zinazostahili kutangulia.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza kwamba siwezi kumwandikia baba yako, Masele, bila wewe kuwa mdomo wangu. Miaka yote hii kusomewa kwake barua kumekuwa kinga yangu. Nilijiambia, mambo haya hayawezi kusomwa na mama yetu mzee, nitaandika akishafariki. Kisha nikajiambia hayawezi kusomwa na mke, nitaandika mtoto akikua. Sasa mtoto amekua na ananiuliza.

Ilikuwa Septemba 1986. Baba yetu, yaani babu yako, alikuwa amekwenda mjini kufuata asidi. Karakana yake pale Nyakato ilikuwa na chaja mbili za transfoma, masanduku ya chuma ya kijani, kila moja na swichi yake ukutani karibu na mlango. Zote zilivuma. Mvumo wa moja uliufunika wa nyingine, usingeweza kujua kwa sikio ipi imezimwa. Kwa hiyo tulikuwa na desturi: aliyekaa upande wa mlango ndiye aliyezima, akasema, "Nimezima," na aliye kwenye betri akaamini.

Mimi ndiye niliyekuwa upande wa mlango. Nilikuwa nasoma. Kitabu nilikiazima kwa mwalimu na kilitakiwa kurudi kesho yake. Masele aliniita, akasema ile ya lori imejaa, inachemka, zima. Nikasema, "Nimezima."

Sikuwa nimezima. Nilikuwa nimekusudia kuzima nikifika mwisho wa ukurasa. Sikuinua hata macho. Akavuta kibanio, cheche ikaruka, betri ikapasuka usoni pake.

Baba aliporudi, Masele alikuwa ameshafungwa vitambaa. Alisema mwenyewe, mbele ya watu: "Nimevuta chaja ikiwa inawaka. Kosa langu." Nilikuwa nimesimama pale. Baba alikuwa mkali, angenifukuza, na Masele alilijua hilo. Sikusema kitu. Januari nikaondoka kwa hiari yangu, nikafika Mbeya, kisha Lusaka, Ndola, mwisho hapa, na popote nilipofika nilikuwa fundi anayesifiwa kwa uangalifu.

Basi, mwanangu, uzembe haukuwa wa baba yako. Asikukatalie kazi kwa kosa ambalo hakulifanya. Msomee yote haya. Mwambie naomba radhi, ingawa najua neno lenyewe ni dogo.

Luhaga


Buswelu
3 Agosti 2025

Shikamoo baba mkubwa,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na nne. Niliisoma kwanza peke yangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya, kisha nikaikunja, nikamwita mama aketi nasi. Nikasoma. Sauti iliniishia nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho wa ukurasa, mama akaniletea maji, nikaendelea.

Baba hakushtuka. Nami nikajiona mjinga, maana yeye ndiye aliyeambiwa "nimezima". Alijua siku zote. Mimi tu ndiye niliyekuwa nasikia jambo jipya, na mama. Mama alilia.

Siku tatu hakusema neno juu yake. Siku ya nne alinitaka nimpeleke Igoma. Dorcas alikuwa ameweka mezani ile chaja ya kisasa ya kuazima, imefungwa kwenye betri ya bajaji. Baba akaipapasa, akaweka sikio juu yake. Akauliza, "Inawaka?" Nikasema inawaka. Akasema, "Haina mlio hata kidogo. Hii ni mbaya kuliko zile." Kisha akasema yale ambayo nadhani alikuwa anayatafuta kwa siku zote hizo tatu. Nayaandika kama yalivyo:

"Sikukukatalia kwa sababu ya betri. Nilikukatalia kwa sababu utafanya kazi na mtu, na siku moja mtu huyo atakwambia amezima. Fungua. Lakini hapa hakuna kuambiana. Anayetaka kushika kibanio aende ukutani mwenyewe, achomoe plagi, aje nayo mkononi. Plagi ikiwa mkononi mwako, humwamini mtu."

Dorcas alicheka kidogo kwa woga, akamwuliza, hata mimi, mzee, huniamini? Baba akamwambia, "Wewe nakupenda, mwanangu. Hilo ni jambo jingine."

Kwa hiyo tumekipokea chumba. Mzee Obedi ameongeza dirisha la pili bila kuombwa, na ndoo ipo. Nilitaka barua yangu iishie hapa.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza nikujibu nini. Nilitegemea atasema amekusamehe, ama uje, ama usije. Alisema, "Barua yake haijaisha. Mwandikie aimalizie." Nikamwambia baba, amesema yote, ameomba na radhi. Akasimama barabarani, magari yanapita, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Nilikuwa chini, sioni," akasema. "Lakini masikio nilikuwa nayo. Nilisikia swichi kabla ya maji. Mwandikie hivyo tu, ataelewa."

Mimi sielewi, baba mkubwa, na sitakuuliza mara ya pili. Nimeandika kama nilivyotumwa.

Mwanao,
Odeta


Tunduma
19 Agosti 2025

Odeta mwanangu,

Marahaba. Hongereni kwa chumba. Utaratibu wa plagi mkononi ni bora kuliko niliokufundisha mimi, ufuateni huo.

Nimekata tiketi ya basi la tarehe sita Septemba. Akisema nisije, nipigieni, hata nisiposikia vizuri nitalisikia hilo. Vinginevyo nitafika Mwanza tarehe saba, na nitatembea mpaka barazani kwenu polepole, ili anitambue kwa miguu kabla sijasema kitu.

Ninayoandika sasa msomee mpaka mwisho, sauti ikikuishia pumzika, lakini usiruke.

Masele, nilidhani ni mimi na Mungu tu tuliolijua. Ulipoanguka ulikuwa unaita maji. Hukuita jina langu, uliita maji. Ndoo ilikuwa chini ya benchi nililokalia, hatua mbili kutoka kwangu, imejaa. Swichi ilikuwa ukutani, upande wa pili wa mlango, hatua saba. Nilijua watu watakuja, na wa kwanza kuingia angeangalia ukutani, aone kwamba sikuzima.

Hospitalini daktari aliniita pembeni, nikiwa peke yangu, akaniuliza ulimwagiwa maji baada ya muda gani. Nikasema papo hapo. Akasema ajabu, maana jicho la kushoto lilikuwa la kupona.

Nilikwenda hatua saba, nikazima. Nikarudi hatua saba. Ndipo nikainama kuchukua ndoo.